Mkono wa Kulia wa Eustadia

Nyumba yangu ya Mtendeni, Tabora, ilikuwa na vyumba sita na ua mmoja mpana, na sikumbuki siku ua ule ulikaa mtupu. Nilikuwa nauza supu ya makongoro. Alfajiri wachukuzi wa stesheni, makarani, wauza kuku na wasio na kazi walikuwa wameshajipanga kwenye magogo, kila mtu na bakuli lake, na kila bakuli na habari yake: nani kaachwa, nani kahamishwa na Operesheni ya vijiji, duka gani limeshusha sukari. Redio nilikuwa nayo, lakini ya nini?

Chumba cha pembeni, mkabala na jiko langu, alipanga Dionis, kijana wa Bukene aliyekuwa akibadili njia za treni pale stesheni, na mkewe Katarina, binti wa mzee Ambrosi wa Cheyo. Wakatoliki wa misa ya kwanza, watu wa salamu na staha. Walikuwa wamezika watoto wawili wachanga, na mmoja alikuwa hai. Huyo aliitwa Eustadia.

Ngozi ya Eustadia haikushika. Sina namna nyingine ya kuisema. Mtoto mwenzake akianguka anachubuka goti, analia, anasahau. Eustadia ukimwinua kwa kumshika kwapani, ngozi inafura malengelenge, na yakipasuka inabanduka kama ganda la nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Alizaliwa hivyo. Siku ile wanawake wa nyumba yangu walimpokea kama tunavyopokea watoto, huyu ambebe, yule ambusu, mpe na mwingine, na alipomrudia mama yake alikuwa na alama ya kila mkono uliomshika. Tangu hapo, katika nyumba iliyojaa watu wa kubeba watoto, yeye hakubebwa na mtu ila mama yake na baba yake, juu ya mto wa pamba.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekwisha kwenda. Vidonda vya katikati ya vidole vilipona kwa kugandana, kidole kwa kidole, mpaka ngozi ikavifunika vyote ukabaki kama mfuko ulioshonwa mdomo. Vidole vilikuwemo ndani. Ukigusa taratibu unavisikia. Wa kulia bado ulikuwa na vidole vitano, na Katarina aliishi kwa ajili ya mkono huo.

Asubuhi wateja wakishapungua, na tena kabla jua halijazama, alikaa naye kibarazani. Maji yaliyochemshwa yakapoa, asali ya msituni penye kidonda, samli pasipo kidonda, kisha vipande vya melimeli, yale mabaki laini ya kitambaa aliyopewa dukani kwa Popatlal, akavipitisha katikati ya kila kidole, asiviache vigusane.

"Kila mpangaji?" anauliza.

"Na chumba chake," anajibu Eustadia.

"Huyu nani?"

"Mama Zamda." Hicho ni kidole gumba. "Mnene."

"Mnene nani, wee mtoto?" nasema kutoka jikoni. "Hicho kidole nakipandishia kodi."

Anacheka mpaka mama yake anamsihi atulie, maana hata kucheka kulimchubua mdomo.

Mwalimu Kornel, aliyekuwa mkuu wa shule na mteja wangu wa bakuli kubwa, alimpima hapo hapo uani kama watoto wote walivyopimwa: pitisha mkono juu ya kichwa, gusa sikio la upande wa pili. Eustadia akaunyanyua mkono wa kulia, polepole, kidole cha kati kikagusa sikio la kushoto.

"Amefika," Kornel akasema, akijifuta mafuta ya supu kwenye ndevu. "Januari mlete. Akishika chaki, namwandikisha. Asiposhika, Katarina, usinilaumu. Wenye mikono miwili wenyewe hawaenei darasani."

Katarina akamshukuru kana kwamba amegawiwa shamba. Kuanzia siku hiyo aliongeza mara ya tatu ya kufunga vidole, adhuhuri, jua likiwa utosini na jasho likimtiririka, tumbo la mimba limeanza kumjaa.

Mwezi wa nane Narendra, mtoto wa Popatlal, akaja likizo. Tulimwona akikua, akicheza gololi na watoto wetu barazani. Sasa alikuwa daktari Dar es Salaam, ana miwani na suruali ya bugaluu inayofagia vumbi.

"Shikamoo, mama Zamda."

"Marahaba, daktari. Umekonda. Huko Dar mnakula hewa?"

Alikuwa amemwona Katarina dukani akiomba melimeli, akauliza ya nini. Akaja kumtazama mtoto. Hakumgusa. Alichuchumaa mbele yake muda mrefu, akamwomba afungue mdomo, akautazama mkono wa kushoto, akautazama wa kulia, halafu akamtazama Katarina.

"Nani alikufundisha kufunga hivi?"

"Hakuna. Niliona huu mwingine ulivyofungika."

"Usiache," akasema. "Hata siku moja. Ukiacha siku chache tu, nao utafunga."

Nikamvutia kigoda. Ugonjwa gani huu, mwanangu? Tumeambiwa ni moto wa kijini, tumeambiwa kaswende ya babu, tumeambiwa mama yake alimcheka mwenye ukoma.

"Mama Zamda, supu yako ikilala huwaje?"

"Inaganda. Unaikata kwa kisu."

"Kinachoigandisha kinatoka kwenye ngozi na mishipa ya yale makongoro. Kinaitwa kolajeni. Ndicho kinachoishika miili yetu, mbuzi na watu. Sasa ngozi ina matabaka mawili. Fikiria koti: kitambaa cha juu na bitana. Fundi mzuri anashikiza bitana kwa uzi, hata ukilivuta koti haliachani. Ngozi nayo ina nyuzi zake za kushikizia, ndogo, hazionekani kwa macho. Wataalamu wanadhani nazo ni aina ya kolajeni hiyo hiyo, bado wanachunguza. Huyu alizaliwa hana nyuzi hizo, au anazo mbovu. Koti limeshonwa, bitana haikushikizwa."

"Basi tatizo dogo!" nikapiga makofi. "Makongoro ninayo. Nitamnywesha mpaka agande."

Narendra akacheka, lakini si kwa furaha. "Tumbo halishoni, mama. Ukila ulimi wa ng'ombe, utakuwa msemaji?"

"Mimi? Mimi sihitaji ulimi wa mtu."

"Hilo Tabora nzima inajua."

Hata Katarina alitabasamu. Kisha akauliza swali lake, macho chini, mkono tumboni. "Na huyu?"

Narendra akavua miwani, akaifuta kwa shati. Alisema hii inarithiwa. Baba anabeba kasoro na mama anabeba kasoro, wao wenyewe wazima, hawajui. Mtoto akipata ya baba pamoja na ya mama, ndipo ngozi inakosa nyuzi. Akipata moja au asipopata, anakuwa mzima. "Huyu wa tumboni ni bahati. Wazima wanaweza kuwa wengi kuliko wagonjwa. Siwezi kukuambia zaidi." Halafu akaongeza neno ambalo laiti angelimeza: "Ninyi wawili mna undugu? Mara nyingi ukifuatilia, wazazi wa mtoto kama huyu wana babu mmoja."

Dionis alikuwa amesimama mlangoni, ametoka zamu, kofia mkononi. Alisikia hilo. Mengine yote hakuyasikia.

*

Kwetu Unyamwezi mtu haoi damu yake. Ng'ombe ndio wanaopandana hovyo. Kwa hiyo Dionis hakulala, akapeleka habari Bukene, na haikupita wiki baba yake, mzee Masolwa, akashuka kwenye treni na dada yake Nyamizi. Operesheni ilikuwa imewahamisha mwaka uliotangulia, kutoka kwenye boma lao hadi kijiji cha ujamaa chenye nyumba zilizopangwa mistari, na mzee Masolwa hakuwa na raha. Alisema mizimu ya baba yake imebaki kwenye mahame haina mtu wa kuisalimu. Bibi Nyamizi yeye alisema kijijini kuna bomba la maji na majirani wa kusengenya, anataka nini zaidi? Nilimpenda papo hapo.

Mzee Ambrosi naye akaitwa kutoka Cheyo. Nikapika wali, nikatandika mikeka uani. Narendra alikuja kwa kuombwa na Katarina, aeleze mwenyewe.

Akaeleza koti, akaeleza bitana. Wazee wakatikisa vichwa kwa adabu. Alipofika kwenye babu mmoja, Masolwa akanyoosha mkono.

"Hakuna. Sisi wa Bukene, wao wa Cheyo. Kabla ya kutoa mahari tuliulizana mpaka kizazi cha nne."

"Hakuna," Ambrosi akasema. "Isipokuwa kuchanjiana."

Ua mzima ukamgeukia. Hata kuku, nadhani.

Ndipo tukasikia hadithi ambayo wazee wale waliijua na hawakuwahi kudhani ina kazi. Zamani, reli haijafika, baba yake Masolwa na baba yake Ambrosi walikuwa wapagazi wa msafara mmoja, wa kwenda pwani. Baada ya Tura, ndani ya Mgunda Mkali, pori lisilo na maji wala mtu, baba yake Masolwa akashikwa na homa akaanguka. Msafara ulikuwa haumngoji mgonjwa. Baba yake Ambrosi akajitwika mzigo wa mwenzake juu ya wake, akamburuta mpaka walipotokea kwa watu. Walipopona wakachanjana vifua kwa wembe, wakala ini la mbuzi lililopakwa damu ya kila mmoja. Ndugu. Nyumba yako nyumba yangu.

"Na ilikuwa kweli," Ambrosi akasema, sauti imejaa fahari. "Baba yangu aliposafiri tena, baba yake huyu Masolwa alikuja kutulindia mji. Alilima, aliezeka. Mimi nimezaliwa baba yumo safarini, mwaka wa pili hajarudi. Ni yeye aliyenipokea, ni yeye aliyenipa jina la..."

Hakumaliza. Bibi Nyamizi alikohoa kikohozi kirefu sana kwa mtu asiyekuwa na kikohozi.

Mimi tangu wameketi nilikuwa nimeshawatazama masikio. Mungu anisamehe, macho yangu ndivyo yalivyo. Masolwa na Ambrosi walikuwa na masikio yaliyosimama nje kama vishikio vya sufuria, na ukimgeukia Dionis, hayo hayo, na Katarina akijifunga kilemba alikuwa akiyaficha hayo hayo. Nikaona nami natazamwa. Watu wazima wote pale uani walikuwa wakihesabu jambo moja na hakuna aliyetaka kufika mwisho wa hesabu.

Narendra alifika. Kijana amesoma, hajui kwamba kuna hesabu zinaachwa njiani. Akasema kwa upole, "Wazee wangu, wembe haurithishi. Damu ya wembe inakauka kifuani. Kinachofika kwa mjukuu ni kile tu alichozaliwa nacho. Kama mzee yule aliishi pale nyumbani, na mama..."

Ambrosi akasimama. Alikuwa mtu mfupi, lakini siku hiyo nilimwona mrefu.

"Kijana. Baba yako ananiuzia chumvi miaka thelathini. Hajawahi kunitukania mama."

"Sikukusudia, mzee. Nisamehe."

"Mama yangu alizikwa na padri. Nitajie mtu aliyewahi kumtaja kwa hilo."

Nani angemtaja? Narendra akainama, akaomba radhi tena kwa kila mmoja, akaondoka na suruali yake inafagia ua wangu. Kesho yake alipanda treni, likizo imekwisha. Na alipotoka mlangoni, wazee wawili wale, ambao kitambo kidogo nyuma walikuwa hawawezi kutazamana, wakatazamana kama watu waliookolewa kwenye maji.

"Kwa hiyo ni wembe," Masolwa akasema.

"Ni wembe," Ambrosi akasema.

Nikawaelewa, ndilo baya lake. Ikiwa ni wembe, mama wa mtu anabaki mama, na kosa ni la watoto walioozeshwa kiapo kikiwa bado kinaishi. Na kiapo kina dawa. Masolwa akaitaja: kwenda kwa mfumu, mganga wao wa huko Bukene, kuchinja mbuzi kwenye mahame, kutengua undugu mbele ya wenyewe, na kumvisha mtoto ngozi ya mbuzi huyo. Hapo aliye tumboni atazaliwa salama. Wasipofanya, ndoa ile ni ya ndugu kwa ndugu na haiwezi kusimama. Katarina atarudi kwa baba yake Cheyo. Mtoto ni wa ukoo wa Masolwa, atapelekwa Bukene.

"Ngozi anavishwa wapi?" Katarina akauliza. Ndiyo mara yake ya kwanza kusema.

"Kidoleni. Cha kati, mkono wa kulia. Mkono uliokula kiapo."

"Baba, avishwe wa kushoto. Ule umeshafungika."

"Mkono wa kushoto haukuli kiapo, mwanangu."

Nikaingia, sikuweza kunyamaza. "Mzee, mtoto huyu hafungwi kitu mwilini. Hata shanga za kiunoni hatukumvalisha."

Masolwa hakukasirika. Alinyoosha mkono wake wa kulia, akanionyesha kidole cha kati. "Mimi nimeivaa. Dionis ameivaa. Wajukuu zangu wote wameivaa, inakauka, inakatika yenyewe, wanaitupa. Nitajie aliyeumia."

 Huo ndio ukweli. Hakuna mtoto wa Unyamwezi aliyewahi kuumizwa na pete ile.

Jioni nilimkuta Katarina anafunga vidole. Nikamwambia kataa, rudi Cheyo, baba yako atakupokea.

"Nitapokewa mimi," akasema. "Yeye atapelekwa Bukene. Nani atamfunga vidole Bukene, mama Zamda? Bibi Nyamizi? Haoni hata sindano."

Akapitisha kitambaa. "Kila mpangaji?"

"Na chumba chake," Eustadia akajibu.

*

Tulipanda treni ya Mwanza, mimi pia, kwa kuwa mimi safari siachwi na kwa kuwa Katarina aliniomba. Tukashuka Bukene, tukatembea mpaka mahame ya kina Masolwa, Dionis amembeba mtoto kwenye mto kama mtu aliyebeba sinia la mayai. Njia ile ilikuwa njia ya misafara ya kwenda ziwani. Sasa hapakuwa na kitu, vigingi vya boma na mawe ya mafiga, na majani yamesharudi.

Mfumu alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye koti la jeshi kuukuu. Alifanya kazi yake kwa uangalifu, siwezi kumsingizia. Alipasua kuku akasoma matumbo, akasema kweli, kuna wazee wawili wameshikana na hawaachani. Mbuzi akachinjwa. Masolwa na Ambrosi wakaongea na baba zao, wakawaomba waachane kwa amani, na Ambrosi alilia, nami nikalia, maana aliita baba na sikujua anamwita yupi.

Kisha kipande cha ngozi mbichi, chembamba, kimetobolewa tundu. Mfumu akamwambia Katarina afungue vitambaa. Mkono usifungwe nguo, usioshwe, usipakwe kitu, mpaka ngozi ikauke na kukatika. Ikikatwa kabla, kiapo kinarudi, na kinarudi kwa aliye tumboni.

Aliyevisha ni shangazi wa ukoo, ndiyo desturi. Bibi Nyamizi alikuwa ameshanong'onezwa na Katarina njiani. Alichukua ile ngozi akalipanua tundu kwa vidole vyake, akalipanua tena, akakivisha kidole kile kidogo bila kukigusa, nikaona kwa macho yangu mwanya ulivyokuwa mkubwa.

"Nimeiacha huru, mwanangu," akamnong'oneza Katarina. "Hata nzi anapita."

Eustadia alikitazama kidole chake. "Bibi, nimevishwa pete kama bibi harusi."

"Ndiyo, mke mwenzangu," Nyamizi akasema. "Ukikua nitakunyang'anya."

Watu wakacheka. Nyama ikaliwa. Ilikuwa siku nzuri, na ninaichukia kwa hilo.

Ngozi mbichi inakaza ikikauka. Nani asiyejua? Ngoma tunaziwamba kwa hiyo, viti tunavifunga kwa hiyo. Kwenye kidole cha mtoto mzima inakaza kidogo, ngozi yake inavumilia, basi. Siku ya kwanza Tabora pete ilikuwa bado inazunguka. Siku iliyofuata ilisimama. Jua la kiangazi lilikuwa kali, na vidole bila melimeli vilitota jasho, vikaanza kushikana kwenye mashina.

"Mama, Mama Zamda anabanwa chumbani," Eustadia akasema, akinyanyua kidole gumba.

Katarina akamgeukia mumewe. "Dionis, niikate."

"Vumilia."

"Tazama mkono wa mwanao."

"Nautazama!" Alikuwa analia, mtu mzima, amekaa sakafuni na sare yake ya reli. "Tumezika wawili, Katarina. Wawili. Ukiikata na huyu mwingine akazaliwa hivi, nitamwambia nini baba? Nitakuambia nini wewe?"

Katarina akaiacha. Na hapo naelewa kwa nini watu hawamlaumu Katarina vya kutosha au wanamlaumu mno. Mkono mmoja uko nje, kiumbe kizima kiko ndani, na mtu anamwambia achague. Alikaa na mkasi wa dukani kwa Popatlal umefunikwa kwenye kanga yake, anaushika, anauachia. Asubuhi zile wateja waliinywa supu yangu upesi wakaondoka. Mtoto alikuwa hapigi kelele tena, ananung'unika tu kama mtu anayezungumza na ukuta.

Alipoikata, Dionis alikuwa kazini. Nilimshikia mtoto mto. Pete ilikuwa imeshakuwa kama mfupa, mkasi ukateleza, ukashika, ukakata. Ikatoka. Na ngozi ya kidole ikatoka nayo, na ya viwili vya jirani iliyokuwa imeshaungana nayo, yote kwa pamoja, kama glavu. Eustadia hakulia. Alikitazama kilichobaki, akamtazama mama yake kwa mshangao, kana kwamba anangoja aambiwe kama huo ni mchezo.

Hospitali walisafisha, walifunga, walitoa sindano. Katarina akarudi kwenye asali na samli na melimeli, usiku na mchana sasa, lakini Narendra alikuwa amesema kweli: siku chache tu. Kidonda kilipopona kilipona chote kwa pamoja. Ilikuja ngozi nyembamba ya waridi, inang'aa, nzuri hata, ikafunika vidole vyote. Mfuko wa pili.

Januari mwalimu Kornel alikuja kunywa supu. Eustadia, hakuna aliyemtuma, akasimama mbele yake, akapitisha mkono juu ya kichwa, ule mfundo wa ngozi ukagusa sikio la kushoto.

"Nimefika," akasema.

Kornel aliweka bakuli chini. Alikuwa na chaki mfukoni, walimu huwa nazo. Hakuitoa. "Umefika, mwanangu," akasema. "Umefika sana." Akaacha supu nusu, na hakurudi kunywa kwangu mpaka mvua za masika.

*

Katarina alijifungua mwezi huo huo. Mtoto wa kiume, mkubwa, mweusi tii, analia kama filimbi ya treni. Wanawake wa nyumba yangu wakampokea kwa woga, wa kwanza kwa ncha za vidole, wa pili akathubutu kidogo, wa tatu akambusu, na alipozunguka ua mzima akarudi kwa mama yake hana alama hata moja. Vigelegele vilisikika mpaka sokoni.

Mzee Masolwa akaja na treni, na Bibi Nyamizi, na mzee Ambrosi kutoka Cheyo, na majirani, na wateja, na watu nisiowajua. Nilipika sufuria mbili. Miaka yote sijawahi kuona ua wangu umejaa hivyo. Masolwa akamnyanyua mjukuu juu, akamgeuza huku na huku juani.

"Mmeona? Kiapo kimetenguka."

"Kimetenguka," Ambrosi akasema, na masikio yao manne yakang'aa.

Nikasema, "Daktari alituambia huyu angeweza kuwa mzima hata bila..."

"Ah, mama Zamda, yule Mhindi!" wakacheka. "Yule alimtukania mzee mama yake!" Na mmoja akauliza mfumu yule anapatikana wapi hasa, ana mpwa wake ana kifafa. Na mwingine naye. Nikaona safari zinapangwa hapo hapo kwenye mkeka wangu.

Dionis aliimba siku ile. Aliimba kwa sauti kubwa na hakutazama upande wa kibarazani.

Kibarazani alikaa Katarina, na mtoto kifuani, na Eustadia pembeni yake juu ya mto. Nilimpelekea uji.  Kila aliyepita alimpongeza, na kila alipopongezwa alikuwa anasogea kidogo, mpaka akawa amemfunika Eustadia kwa mgongo wake, watu wasimwone, au yeye asiwaone.

"Mama," Eustadia akasema, "nimshike?"

Katarina akamlaza mtoto katikati yao. Unajua mtoto mchanga ukimgusa kiganja anavyofumba, anashika chochote kinachompitia, na hakiachii. Eustadia alikuwa ameona wanawake wote wakimpa kidole. Akausogeza mkono wake wa kulia, taratibu, kama alivyofundishwa kusogeza kila kitu, akauweka kwenye kiganja cha mdogo wake. Vidole vile vidogo vikafunguka, vikapapasa ule mfundo huku na huku, vikiteleza, vikitafuta pa kushika. Havikupata. Vikajifumba peke yao.

"Wapangaji wote wako ndani," Eustadia akamweleza. "Wanalala chumba kimoja."

Uani walikuwa wanaanza wimbo mwingine, na mtu akaniita nilete sufuria ya pili.